Kikombe Kimoja cha Munya

Hermelinda hupanga viazi na munya:
tabaka la viazi, tabaka la majani,
funza wasithubutu kuingia ghalani.
Tumbo likikusokota, kikombe kimoja.
"Kimoja tu," husema, na birika analificha.

Nayda, bintiye,
alikivukiza kichaka kile mjini Kusko.
Tone la mafuta likapita mashineni,
karatasi ikachora vilima:
mentoni; kisha pulegoni, mrefu kuliko wote,
unaoua funza
na, ukizidi, ini la mtu.

Akapanda basi usiku kucha
kumpelekea mama onyo.

Mama aliishika karatasi kichwa chini.
"Milima hii naijua.
Si nilikwambia kimoja?"

Akaitandika ghalani,
viazi juu yake,
munya juu ya viazi.