Alama Mbili

Ssekitto alinipita alama mbili.
Shule yake ya bweni ilikuwa na bwawa la kuogelea.
Basi serikali ikamchukua yeye:
chumba, chakula, hata posho mkononi.

Mimi ni wa jioni.
Napanda Makerere kutoka Kikoni saa kumi na moja,
risiti ya benki nimeikunja ndani ya soksi,
maana mlangoni mwa mtihani
hawaulizi unajua nini.

Mama anauza samaki wakavu Soroti.
Kwenye sabuni anakatwa kodi,
kwenye chumvi, kwenye mafuta ya taa,
na shilingi hizo hupanda basi kuja Kampala
kumsomesha mtoto wa wakili.
Zinazobaki, kama zinabaki,
ndizo zangu.
Mama mmoja, wanachuo wawili,
na mmoja hamjui.

Simchukii Ssekitto. Huniazima madaftari;
umeme ukikatika tunasomea taa ya simu yake.
Jana akaniuliza, kwa upole kabisa:
“Nyinyi wa kujilipia, pesa mnazitoa wapi?”

Nikatazama viatu vyake vipya.
Naapa, nilisikia harufu ya samaki.