Chupa ya Wivine

Baba amenunua chupa inayochemka bila moto.
Dola mia na themanini, kwa mafungu matatu;
fungu la kwanza limetoka kwenye karo ya Bauma.

Wivine ndiye aliyemuuzia, binti wa shangazi,
sketi imepigwa pasi, mkononi karatasi zenye picha
ya mzee wa mbali anayepanda mlima akicheka.
Alikaa kwenye kiti chetu cha plastiki akasema:
Mjomba, haidrojeni inaingia hadi ndani ya seli,
inafagia kutu ya mwili.
Viungo vinatulia, usingizi unarudi, uso unang'aa.
Baba alisikiliza, magoti yake mbele yake,
yamevimba kama vitabu vilivyolowa.

Baba huyu alifundisha kemia miaka thelathini na mmoja,
katika darasa ambalo lava ilikuja kulimeza, ubao na jedwali lake.
Haidrojeni anaijua kama mtoto wake wa kwanza:
nyepesi kuliko wote,
haikai nyumbani.
"Ukichelewa kunywa," aliniambia, "umekunywa maji."

Maji ninayaleta mimi.
Alfajiri nashuka Kituku na bidoni mbili za njano,
nampita mtu wa klorini na bomba lake la sindano,
anatia kipimo chake bila kuniuliza jina.
Dawa hiyo haina picha ya mzee mlimani.
Kipindupindu kinaijua, inatosha.

Na ziwa lenyewe limebeba gesi tumboni,
gesi ya kuwasha mji, au kuuzima.
Na mabondeni, kati ya mawe meusi, kuna mazuku:
mwaka juzi yalimlaza mbuzi wa jirani,
kisha mbwa aliyekwenda kumnusa.
Kwa hiyo mtu wa Goma akisikia neno gesi
kwanza anatazama miguu yake.

Chupa inataka umeme.
Umeme huja usiku wa manane kama mwizi mwenye haya.
Baba anaamka, anabonyeza kitufe,
taa ya buluu inawaka chini,
mapovu yanapanda, madogo kuliko ulezi,
naye anakunywa mbiombio, shingo nyuma,
kama anayemshika mtoro kwa shati.

Wiki ya tatu nikamuuliza: magoti?
"Yapo."
Usingizi?
"Nitalalaje, nami naungoja umeme?"
Tukacheka. Halafu nikakasirika,
nikataja karo, nikamtaja Wivine,
nikasema neno moja la ziada.

Akanisogezea daftari.
Mwandiko ule ule wa ubaoni:
tarehe, saa, glasi, maumivu juu ya kumi.
Sita. Sita. Saba (mvua). Sita. Tano. Sita.
"Wanasema yako majaribio," akasema,
"watu wachache, wiki chache.
Huenda kuna kitu, huenda hakuna.
Sijui si dhambi, mwanangu.
Dhambi ni kuuza sijui kwa bei ya najua."

Mbona basi ulinunua?

"Wivine alikuwa na chupa sita mfukoni
na kiatu kilichoshonwa kwa uzi wa wavu.
Yeye ndiye aliyeuziwa kwanza."

Jana shule ilimrudisha Bauma, karo haijatimia.
Alikaa mlangoni akichora mawe kwa jiwe.
Mchana huo, ajabu, umeme ulikuwepo.
Baba akainamisha kichupa cha dawa ya kikohozi
juu ya mdomo wa ile chupa ya dola,
akangoja kama anayevizia panzi,
akasogeza njiti ya kiberiti.

Pap!

Bauma akaruka nyuma. Akarudi mbele.
"Tena, Babu."
Na Babu akainuka, kwa magoti yale yale,
akaenda jikoni kutafuta njiti nyingine.

Usiku nilifungua daftari.
Maumivu: sita.
Pembeni, kwa penseli:
Bauma, saa tisa alasiri. Imelia mara nne.