Jua la Kuazima

Mwaka ule shule yetu haikuwa na jua.
Tufe la dunia tulikuwa nalo, limebonyea upande mmoja,
na bango la sayari lililoliwa na panya mpaka Mshtarii.
Basi mwalimu Nieves Colque akazunguka kijiji na kamba,
akapima sufuria za wauza supu,
akapima magurudumu, akapima beseni la kuogeshea watoto,
akafika kwetu, akaliona goma la baba ukutani.
"Sentimita themanini!"
akapaza sauti kama mtu aliyepata mchumba.

Baba, mpiga goma wa bendi ya tarumbeta,
hakuwa msemaji.
"Jua haliazimwi," alisema. "Nitalibeba mwenyewe."

Tukatoka kwenda kwenye uwanda wa chumvi,
Uyuni, mweupe hadi macho yanauma,
hakuna jiwe, hakuna kichaka,
hakuna cha kukudanganya kuhusu ukubwa wako.

Mwalimu akafungua leso: njegere moja, kavu.
"Hapa ndipo tulipo sote."
Watoto ishirini na mmoja tukaiinamia.
Eusebio akauliza bahari tuliyonyang'anywa iko upande gani.
Hakuna aliyecheka.

Kisha punje ya kinoa: mwezi.
Tulidhani atauweka ubavuni, kama ndama wa lama na mamaye.
La. Akatandaza kiganja,
gumba kwenye njegere, kidole cha mwisho kwenye punje,
shubiri nzima ya chumvi tupu.
"Njia yote waliyosafiri waliofika mwezini
ni hii, mkono wangu."

"Sasa nenda," akamwambia baba.

Baba akaenda.
Wenzangu walihesabu hatua; mimi sikuhesabu.
Mgongo ule niliujua. Kila Januari
uliondoka hivyohivyo kwenda Chile kuvuna zabibu,
ukipungua, ukipungua,
hadi unakuwa kitu cha kubishania: ni yeye, si yeye.
Hatua mia na kumi na tano. Akageuka.
Goma likatutazama.

Njegere mia na tisa, mwalimu akasema,
zikipangwa ukingo hadi ukingo.
Na kulijaza? Milioni na ushee.
"Hilo ni soko zima la Oruro," akasema Eusebio.

Akaniita mimi.
Nikalala, shavu kwenye chumvi, jicho kando ya njegere,
jicho jingine nimelifumba.
Akaichomeka punje kwenye ncha ya mwiba,
akaiinua, akaisogeza taratibu,
na goma likazimika.

Lote. Punje moja ya uji wetu wa asubuhi
imelifunika goma la bendi nzima.
Kofia ya baba ikabaki juu, miguu ikabaki chini,
katikati pametoboka.
Nikasikia: Du.
Jua lisiloonekana lilikuwa likipigwa.

Punje ilipoondolewa nikaona mkono ukishuka
kabla ya sauti, kidogo tu, kama kope.
Mwalimu akatuambia kuhusu lile la juu,
kwamba tunaloliona ni la dakika nane zilizopita,
na tukitaka goma la pili, la nyota jirani,
hata upande wa pili wa dunia hautatosha kulibeba mbali.
Hapo ndipo upepo ulipoanza kusikika.

Baba akarudi akitweta, akatua mzigo.
"Mliona?"
Tuliona, tukasema. Na wewe?
Akapiga magoti, akavaa miwani yake iliyofungwa kwa uzi,
akaitafuta njegere iliyokuwa mbele ya goti lake.
"Kutoka kule hakuna kitu," alisema.
"Niliwaona ninyi tu, mmeinama."

Njegere mwalimu aliitia mfukoni.
Mwezi ulidondoka kwenye mwiba.
Tuliutafuta mpaka vivuli vyetu vikawa virefu,
vichwa chini, vidole vikichonyota,
lakini chumvi, nayo, ni punje.