Pichi Iliyoangukia Kwangu

Ilianguka saa tisa mchana, joto nyuzi thelathini na tano,
pu! kwenye majani makavu, karibu na mpira wa maji.
Sikuutikisa mti. Naapa.
Upepo ulikuwa umelala; hata bendera ya chama cha bustani
ilining'inia mlingotini kama taulo lililosahauliwa kambani.
Pichi iliiva, ikachoka kushikilia, basi.

Na sheria ya hapa Leipzig haina maneno mengi:
tunda likiwa tawini ni la mwenye mti,
likigusa ardhi ni la mwenye ardhi.
Mwenye mti ni Bwana Zschoche.
Mwenye ardhi, kwa kukodi, ankara ya mwaka imelipwa,
ni mimi.

Nikaiosha polepole, nisiyapanguse malaika yake,
ule unyoya wa ngozi unaoonekana ukiitazama juani tu.
Nikaitia kwenye bilauri yenye tumbo kubwa,
ya gulioni, yuro mbili, imemeguka kidogo mdomoni.
Nikachuma rasiberi sita za kichaka changu mwenyewe,
watu wasije wakasema naishi kwa maokoto.

Kwa uma nikaichoma mara nne, tano,
kwa haya,
kama mtu anayepiga hodi nyumba yenye msiba.

Chupa ilikuwa ndooni tangu asubuhi, barafu imeshageuka maji.
Mvinyo wa bonde la Unstrut, mkavu, usiobembeleza ulimi.
Kizibo hakizungushwi; inazungushwa chupa.
Kizibo unakishika tu, unakisubiri,
mpaka kitoe pumzi kama mtu aliyevua viatu baada ya zamu.

Nikamimina. Povu likapanda, likatazama nje, likashuka.
Pichi ikazama
ikatulia chini, kimya,
mwanafunzi aliyeulizwa swali asilolijua.
Nikangoja. Nikaitikisa bilauri. Wapi!

"Hiyo ni yangu," ua likasema.
Juu ya ua, kofia ya majani. Chini ya kofia, Zschoche.
"Ilikuwa," nikamjibu.

Akanyamaza. Nikajiandaa kwa barua ya malalamiko,
maana mwaka jana aliniandikia mbili, juu ya konokono.
Kisha: "Umeichoma mara ngapi?"
"Tano."
Akacheka kwa pua.
"Tano! Edeltraud alikuwa akiichoma mpaka kiganja kimuume.
Mpaka uma uguse kokwa. Kila upande. Hata kitovuni."

Tangu Machi, viti vya barazani kwake vilipobaki kimoja,
sikuwa nimelisikia jina hilo.
Nikampa pichi juu ya ua, inachuruzika, na uma.
Akachoma akihesabu kwa sauti, kama mtu anayelipa deni mbele ya shahidi:
kumi na nane, kumi na tisa. Mkono ulimtetemeka.
Arobaini na moja. Akanirudishia bila neno.

Safari hii viputo vilijua pa kwenda.
Kila tundu likapata kimoja, kila laika likabeba kingine,
shanga juu ya shanga,
mpaka ubavu mmoja ukawa mwepesi kuliko mwenzake
na pichi ikainuka. Ikasita.
Ikapinduka!
Viputo vya juu vikapasuka, vya chini vikasukuma,
ikapinduka tena, na tena, rasiberi zikipisha njia,
duara jekundu na njano lisilo na haraka wala kituo.
Tuliitazama, yeye kule, mimi huku,
jasho likitutoka, mvinyo ukigeuka rangi ya shavu.

"Karibu," nikasema. "Ila tunda ni moja."
Kofia ikatoweka nyuma ya ua.
Nikadhani nimemuudhi.

Mara matawi yakavuma, majani yakamwagika,
pu! pu! pu!
Pichi tatu, miguuni pangu.
Nikatazama bendera: imelala vilevile.

"Upepo," akasema Zschoche,
na lango langu likalia kwa bawaba zake kavu,
huku naye akiingia na bilauri mkononi,
kubwa, ya mviringo, imefutwa sasa hivi kwa pindo la shati.