Mizani ya Asali

Ipole, mwezi wa sita, jua likiinama.
Mizani ile ile ya kupimia asali
imening'inia kwenye boriti ya ghala,
na ndoano yake imeushika mkoba wangu.
Mshale ukatetemeka, ukasita,
ukatua kwenye kilo kumi na tisa na robo.

Shangazi Kalunde hakusema neno.
Alitandika mkeka, akaupindua mkoba
kama mtu anayemwaga pumba.

"Siku sita, kwenda na kurudi," akasema.
"Kila unachoingia nacho porini
ni asali ambayo hutatoka nayo."

Blanketi, kilo mbili na nusu. Likaruka kando.
Akanipa kitenge chakavu, chepesi kwa kufuliwa:
"Moto ndio blanketi. Huubebi, unaukuta."
Unga kilo sita ukawa tatu,
pengo likazibwa kwa michembe na matobolwa,
viazi vilivyokwisha kumwachia jua maji yao.
Sufuria iende, mfuniko urudi jikoni.
Mche wa sabuni akaukata kwa uzi, nikapata robo.
Jozi ya pili ya viatu: "Kwani una miguu mingapi?"
Shoka akaling'oa mpini.
"Msitu mzima ni mipini," akasema,
na mswaki wangu wa dukani akautazama tu, akacheka.

Husemwa mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.
Wake ulikuwa usufi kweli:
kilo saba, na kamba ndani yake.

Ikabaki redio ya baba.
Betri nne kubwa, mkanda wa ngozi uliopasuka,
kilo mbili kasoro.
Misimu ishirini na mmoja aliingia nayo porini,
akidai nyuki hupenda taarifa ya habari.
Tulimzika masika,
mvua ikaingia kaburini kabla yake.

"Na hiyo," akasema dada yake,
kidole kikamalizia sentensi.
Nikazitoa betri mbele ya macho yake,
nikazipanga dirishani kama watoto waliochelewa shule.
Usiku, taa ilipozimwa,
nikaipenyeza redio tupu chini ya unga.
Mshale haukuulizwa tena.

Siku ya kwanza mchanga.
Siku ya pili mbuga, na ndorobo wanaouma juu ya shati.
Mkanda wa mkoba ukaniandika begani,
na kona ya redio ikawa inanidunga
palepale, palepale, kila hatua ya kulia.
Nilifikiri kuitupa. Niliitupa mara tatu,
kichwani.

Usiku wa tatu, kambini, chini ya mitundu,
nilipokuwa natafuta chumvi,
mkanda wa ngozi ukachungulia.
Shangazi akauona.
Nikangoja maneno.

Akafungua fundo la kitenge chake,
akatoa betri.
Ya pili. Ya tatu. Ya nne.
Yeye! Aliyenikatia sabuni kwa uzi!

Hatukutazamana.
Alizitia moja moja, akapiga kofi ubavuni mwa redio
kama alivyokuwa akipiga baba.
Mkwaruzo. Mkwaruzo mrefu.
Kisha mtu mmoja, mbali, kwa Kirundi,
akizungumzia, nadhani, bei ya maharage,
kwa furaha kubwa mno.
Tulimsikiliza mpaka akamezwa.

Mizinga ilikuwa imetukirimu.
Tulitoka na madumu mawili,
mgongo wangu ukilia kama kitanda cha kamba,
na redio haikuwa na pa kukaa.
Tuliiingiza kwenye mzinga mtupu wa gome,
tukauziba kwa majani, tukaupandisha mtini.
Betri tulirudi nazo. Zina sumu,
na Shangazi hachezi na asali.

Nyuki wakitaka habari,
wangoje msimu ujao.