Tumbo la b

Mfaume Likanga alikuwa na vidole vya kubangua korosho,
vyeusi kwa mafuta ya maganda, vyepesi kuliko vya mjomba wake,
lakini ukimpa penseli vinakauka kama vijiti.
Kila b kwake d, kila d kwake b.
Akiandika "baba" anatokea "dada",
darasa zima linaangua kicheko,
naye anavunja ncha kwa makusudi
apate ruhusa ya kwenda kuichonga nje.

Siku moja nilimfuata. Hachongi chochote.
Anaruka kwa mguu mmoja, anachora kwa kisigino
viboksi vya mchezo wao,
na mstari wake umenyooka
kuliko wowote niliowahi kuupiga ubaoni kwa rula.

Usiku ule sikulala vizuri.

Kesho yake nikafunga darasa.
Watoto sitini na wanne, uwanja wa shule, Kitangari,
mchanga mwekundu bado una umande.
Nikasema: leo daftari ni hili mnalolikanyaga,
na penseli ni wewe.
Kimbia kutoka bendera hadi jiwe,
huo ni mgongo wa b, usiupinde;
sasa rudi nusu, zunguka, mtie tumbo,
tumbo litazame ofisi ya mwalimu mkuu.
Na d?
Tumbo la d linatazama chooni.
Somoe alicheka mpaka akakaa chini,
lakini tangu siku hiyo hakuna aliyempeleka b chooni.

S tuliikuta imeshaandikwa:
njia ya kushukia kisimani bondeni,
inakata kushoto penye mikorosho ya kina Nandule,
inakata kulia penye gogo lililoungua.
Wameitembea na ndoo kichwani tangu wana miaka minne
wala hawakujua kuwa wanaandika.
Tukaihamishia uwanjani, kubwa, hatua arobaini.

Mama Somoe alikuja Jumatano.
"Mwalimu, kucheza anacheza nyumbani, bure,
bila sare, bila daftari la kununua.
Mimi nimemleta asome."
Ningemwambia nini?
Kwamba herufi huingilia unyayoni, ikapanda gotini,
ikapita kiunoni, ikapumzika begani,
ndipo ikafika kidoleni imeshatulia?
Nilisema tu, "Nisubiri hadi mtihani, mama."
Akautazama ule mchanga
kama mtu anayetazama mizani ya chama asiyoiamini.

Msimu ukafika. Lori la korosho likageuzia uwanjani,
matairi yakafuta herufi zetu zote.
Watoto wakasimama kama waliofiwa.
Mfaume akatia mguu kwenye alama ya tairi,
akaipima kwa jicho moja.
"Mwalimu, hii mbona ni l tayari?"
Tukaanzia hapo.

Siku ya mtihani, hakuna kukimbia.
Karatasi mezani, midomo kimya,
nami nikasikia kitu kama manyunyu juu ya saruji.
Nikainama.
Chini ya madawati, miguu mia na ishirini na minane
ilikuwa inaandika.
Mfaume ametoa ulimi, kisigino kinazunguka polepole,
na huko juu, kwenye karatasi, akatokea b,
amepinda kidogo, tumbo limelegea
kama la aliyeshiba ugali wa muhogo,
lakini linatazama ofisini.

Alama zake sitazitaja. Hazikuwa nyingi.

Jioni nilikuwa dirishani, nahesabu chaki.
Mama Somoe anakatiza uwanja, ndoo kichwani, imejaa.
Kwenye stakabadhi za korosho yeye huweka dole gumba,
karani humshika mkono kama mtoto.
Alitazama kulia. Alitazama kushoto.
Akainua upindo wa kanga, akaingia kwenye S,
akaifuata taratibu mpaka mkiani,
maji hayakumwagika hata tone,
akageuka, akairudia.

Zile chaki nilizihesabu mara nne.