Koo na Ukoo

Mzekala ni fundi nguo, kichochoro cha nyuma ya soko, Kutaisi.
Miaka ishirini na sita amepima shingo za watu:
ya padri, ya mpiga zumari,
za watoto wa darasa la kwanza kila Septemba.
Yake hakuwahi kuipima,
hadi siku alipojaribisha blauzi ya mteja mbele ya kioo,
kifungo cha juu kikagoma,
na kidole kikagusa punje.

Si punje. Kunde.
Si kunde: kitu kinachopanda umezapo mate,
kikashuka,
kama jirani anayechungulia dirishani na kujificha.

Ghorofa ya tatu, daktari Tsiala akampaka jeli ya baridi.
Kwenye skrini, mvua ya kijivu, na ndani yake kivuli.
"Milimita kumi na nne. Kingo zake sizipendi, wala sizichukii.
Vinundu vya dundumio ni vingi kama vifungo vyako,
na vingi havina neno.
Ungekuwa mwingine, ningesema tuonane mwakani.
Lakini kuna mstari hujaujaza."

Saratani katika familia: nani, ya aina gani, akiwa na umri gani?

Amekuja kwa ajili ya koo,
anaulizwa ukoo.

Mama, aliandika. Kalamu ikasimama.
Aina?
Kule milimani ugonjwa haukuwa na aina.
Kulikuwa na theluji. Kulikuwa na rovu la bibi chini ya kitambaa.
Kulikuwa na sauti ya mama, ikikwaruza, ikipungua,
hata akawa anaita kuku kwa kugonga sufuria.
Karatasi za hospitali alizichukua Lamzira,
pamoja na sufuria,
pamoja na ufunguo wa nyumba.
Mwaka wa tisa huu dada hawasemezani,
kisa vyumba vitatu na mti mmoja wa jozi.

Sindano iliingia mara tatu. Akahesabu mabomba ya dari.
Kisha damu, ya kipimo cha pembeni, "kwa sababu ya mama."
"Nitafutie jina la ule ugonjwa," daktari akasema.
"Kuna jina la kutufanya tungoje.
Kuna jina la kutufanya tumwite na binti yako."

Tatuli, miaka kumi na miwili.
Shingo, sentimita ishirini na tisa. Hiyo anaijua kwa moyo.

Usiku akapiga simu Batumi. Ikaita, ikaita.
Salamu hazikuwapo.
"Mama alikufa na nini hasa?"
Kimya. Kisha droo ikafunguliwa, upesi mno,
kama droo inayofunguliwa kila siku.
Lamzira akasoma polepole: saratani ya medula.
Kisha, bila kusoma:
"Na mimi. Walinipasua Machi ya mwaka juzi.
Nilivaa skafu hadi kiangazi."
"Mbona hukuniambia?"
"Ungedhani natafuta huruma nibaki na nyumba."

Ni kweli. Angedhani.

Majibu ya sindano ni Alhamisi.
Lamzira atafika Jumatano kwa basi dogo la alfajiri, na faili kwapani.
Mzekala hakulala. Alitandika kitambaa cha samawati, akakata kola.
Shingo ya dada yake: sentimita thelathini na nne,
miaka tisa iliyopita, kabla ya kisu.
Akashona kwa mishono mirefu, ya kufumulika,
akaacha upindo mpana.